Gari Limepita Kilomita Laki Mbili: Kipi Ubadilishe Mapema Kwenye Injini na Kipi Ukiache

Gari likishavuka kilomita 200,000, mwenye gari huanza kupata ushauri unaopingana. Fundi mmoja anamwambia kisichoharibika hakiguswi. Mwingine anamwandikia orodha ya spea inayojaza karatasi nzima, kuanzia taimingi belti mpaka ringi za pistoni, na kumhakikishia kwamba asipobadilisha vyote mwaka huu injini itanoki. Wa kwanza akikosea, unalala porini na injini iliyokufa. Wa pili akikosea, umemaliza akiba yako kuondoa vifaa vilivyokuwa na miaka mingi mbele, na pengine umevibadilisha kwa vibovu zaidi.

Msimamo wangu ni kwamba kilomita peke yake haziamui. Kinachoamua ni namna kifaa kinavyokufa. Kipo kifaa kinachokufa kimyakimya na kuondoka na injini nzima. Hicho kibadilishwe kabla ya wakati wake hata kama kwa macho ni kizima. Kipo kingine kinacholalamika miezi mingi kabla ya kuacha kazi. Hicho kinahitaji jicho na sikio tu, pesa yake ibaki mfukoni. Kazi ya mwongozo huu ni kukusaidia kuvitenga.

Kabla ya hatua zenyewe, inafaa kueleza kwa nini "badilisha vyote uwe na amani" si ushauri salama kama unavyosikika. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines, Stanley Nowlan na Howard Heap, walitoa ripoti iliyobadilisha matengenezo ya ndege duniani. Walipochunguza vifaa vya ndege, ni takriban asilimia 11 tu vilivyoonyesha hatari inayopanda kadiri umri unavyokwenda. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi mwanzoni, vikiwa vimetoka kufungwa, kisha hatari ikashuka na kutulia. Gari si ndege, lakini kila aliyewahi kufunga pampu mpya ya maji ikaanza kuvuja wiki hiyohiyo ameuona ukweli huo kwa macho yake. Kila unapofungua injini isiyo na tatizo unaleta hatari mpya: boliti iliyokazwa vibaya, gasketi iliyokaa upande, spea bandia, uchafu ulioingia. Kubadilisha mapema kunalipa pale tu hatari unayoiondoa ni kubwa kuliko hiyo unayoileta.

Hatua ya kwanza: jua injini imefanya kazi kiasi gani kweli

Namba ya dashibodi ni mwanzo tu. Magari mengi yetu yamekuja yakiwa yametumika Japani, na odomita kurudishwa nyuma ni mchezo wa siku nyingi. Kama bado una karatasi ya mnada au cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, linganisha namba za pale na ya dashibodi. Halafu fungua boneti utafute stika. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika ndogo kwenye kava la taimingi au karibu yake, yenye tarehe na kilomita ambazo belti ilibadilishwa. Huhitaji kusoma Kijapani. Piga picha, itafsiri kwa simu, na uandike namba. Stika hiyo ina thamani kuliko maneno ya muuzaji.

Halafu geuza kilomita kuwa saa. Injini haijui umbali, inajua muda iliozunguka. Gari lililokwenda kilomita 200,000 kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa barabara ya Dodoma na Singida limefanya kazi kama saa 3,300. Gari lenye kilomita hizohizo lililokuwa likibeba abiria Mbagala na Kariakoo kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa limefanya saa 10,000. Kwenye odomita ni mapacha, ndani ya injini la pili limezeeka mara tatu. Lile la mjini limekaa sailensa, yaani injini ikinguruma bila gari kutembea, kwenye foleni, feni ikihangaika, oili ikichemka bila upepo wa kupoza. Kwa hiyo ukisoma kwenye kitabu kwamba oili ibadilishwe kila kilomita 10,000, gari la foleni lichukulie nusu yake.

Mwisho wa hatua hii, andika kwenye daftari vitu ambavyo una hakika navyo na vile usivyokuwa na hakika navyo. Kila kifaa muhimu ambacho historia yake haijulikani kihesabu kuwa hakijawahi kubadilishwa.

Hatua ya pili: jua injini yako ina belti au cheni, na belti ikikatika nini kinafuata

Ninazungumzia belti au cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua vali) ili zizunguke kwa mpangilio. Ni hatua ya dakika tano, na inaweza kuokoa gharama ya injini nzima. Soma namba ya injini kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye kadi ya gari.

Injini kama 1NZ-FE, iliyo kwenye Probox, IST na magari mengi madogo ya Toyota, ina cheni. Vivyo hivyo 1ZZ-FE, 1AZ, 2AZ, na 1TR na 2TR za Hiace na Prado za petroli. Hizi hazina tarehe ya kubadilisha cheni. Zinataka oili safi, nitazirudia mbele.

Injini za dizeli ambazo zimejaa barabarani kwetu, yaani 2L, 3L na 5L za Hiace na Hilux, 1KZ-TE ya Prado na Super Custom, 1HZ ya Land Cruiser, na 1KD na 2KD za baadaye, zote zina belti. Na dizeli haina huruma: nafasi kati ya pistoni na vali ni ndogo mno, kwa hiyo belti ikikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni inazipiga vali. Vali zinapinda, na mara nyingine kamshafti au silinda hedi inakwenda nazo. Subaru zenye EJ20, ambazo Kenya zimependwa sana, nazo ni hivyohivyo.

Lakini 3S-FE, ile ya Noah ya zamani na RAV4 ya kwanza, na 7A-FE, zimeundwa ili belti ikikatika pistoni isifike kwenye vali. Gari linazima, unavutwa, unafunga belti mpya na safari inaendelea. Tofauti hiyo inabadilisha hesabu yote. Belti ya 3S-FE ikikatika imekukosesha siku moja, ya 1KZ-TE imekukosesha injini.

Neno kuhusu taa ya T-BELT kwenye dashibodi za Land Cruiser na Prado za dizeli: taa hiyo inahesabu kilomita tu, kwa kawaida 100,000, na kwa baadhi ya masoko 150,000. Haijui hali ya belti. Fundi anaweza kuizima bila kugusa belti, na odomita ikirudishwa nyuma hesabu yake inavurugika. Kutowaka kwake hakukupi uhakika wowote.

Hatua ya tatu: pima afya kabla hujanunua spea hata moja

Watu wengi wanaruka hapa, na ndipo pesa nyingi zinapopotea. Haina maana kufunga pampu mpya, belti mpya na sili mpya kwenye injini ambayo silinda yake moja imeshakufa. Pima kwanza ujue kama injini inastahili kuwekewa pesa.

Anza na kompresheni. Injini iwe na joto la kazi, betri iwe imejaa, plagi zote zitolewe, mafuta na moto vikatwe, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho fundi anapopiga stata. Kwa injini nyingi za petroli utaona namba kati ya baa 10 na 14. Muhimu zaidi ya namba yenyewe ni silinda kulingana. Kwa Toyota nyingi za petroli, tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa 1. Ukipata silinda iliyo chini, mwaga kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shida iko kwenye vali au gasketi ya hedi. Dizeli hupimwa kwa geji yake maalumu, maana kompresheni yake ni zaidi ya mara mbili. Usikubali ipimwe kwa geji ya petroli.

Pili, pima ulaji wa oili. Jaza mpaka alama ya juu ya kijiti, tembea kilomita 1,000, egesha mahali tambarare uangalie imeshuka kiasi gani. Vitabu vingi vya Toyota vinataja lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa kikomo cha juu kabisa. Mimi naona gari likifika nusu ya hapo unapaswa kujua oili inakwenda wapi. Moshi wa bluu asubuhi tu unapowasha, kisha unakatika, mara nyingi ni sili za vali. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta ni ringi. Injini nyingine zina sifa hiyo tangu kiwandani: 2AZ-FE za takriban 2007 hadi 2009 zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi na pistoni zake.

Tatu, pima mfumo wa maji. Gereji nzuri ina pampu ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta na kuujaza mfumo presha. Presha ikishuka, kuna mahali panavuja hata kama huoni tone. Pima na mfuniko wa rejeta. Kwa bei yake ndogo, ukiwa na shaka nunua mpya. Ukiona rejeta inatoa mapovu injini ikiwa inanguruma, omba kipimo cha kemikali cha gesi ya eksozi. Kile kimiminika cha bluu kikigeuka njano kwa injini ya petroli, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, na hapo mjadala wa kubadilisha mapema umekwisha. Umeingia kwenye matengenezo.

Kompresheni ikiwa nzuri na inalingana, oili hailiwi sana, maji hayapungui, injini yako inastahili kulindwa. Endelea. Silinda ikiwa imekufa, simama hapa ulinganishe bei ya ovaholi na ya injini ya mtumba.

Hatua ya nne: uliza kila kifaa maswali matatu

Maswali yenyewe: Kikifa kitanionya? Kikifa kinaua nini kingine? Na kukifikia ni kazi ya kiasi gani? Kifaa kisichoonya, kinachoua, na kilichojificha ndani, kibadilishwe mapema. Kinachoonya, kisichoua, na kilicho juujuu, kisubiri.

*Taimingi belti na wenzake.* Haionyi, na kwa dizeli inaua. Japani kawaida ni kilomita 100,000 au miaka 10, na mimi kwa joto na vumbi letu nisingengoja miaka 10. Raba inazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Gari lililotoka Japani na miaka 12 na kilomita 70,000 tu lina belti iliyopitwa na wakati.

Na belti haibadilishwi peke yake. Ndani ya kava kuna tensheni (kinachoikaza belti), puli, na sili za mbele za krenki na kamshafti. Kwenye injini nyingi, zikiwemo 3S-FE na EJ20, pampu ya maji nayo inazungushwa na belti hiyohiyo. Beringi ya puli ikikwama inaikata belti mpya kama ilivyo ya zamani. Sili ikivuja inailowesha belti oili na kuioza. Kwa hiyo hapa sina mjadala: ukishafungua, badilisha seti nzima. Mwenye gari anayenunua belti pekee ili aokoe pesa ya puli amelipa ufundi mara moja na atalipa tena.

*Mfumo wa maji.* Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi, kwa sababu injini nyingi ninazoziona zikitupwa hazikufa kwa uzee, zilichemshwa. 1KZ-TE ni mfano mkubwa. Hedi yake ni ya alumini, na ikichemka vizuri hata mara moja inaweza kupasuka. Watu wanailaumu hedi, wengine wanauliza kama wabadilishe hedi mapema. Hapana. Dawa ya hedi hiyo ni rejeta safi, feni inayovuta kweli, hosi paipu nzima, thamostati na mfuniko vinavyofanya kazi. Vyote hivyo kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya hedi.

Hosi paipu: ziminye kwa mkono zikiwa baridi. Iliyo ngumu kama ubao, au laini kupita kiasi na imevimba karibu na klipu, ibadilishwe, na ukibadilisha moja ya juu badilisha na ya chini. Usisahau vipande vifupi vilivyojificha, vile vinavyokwenda kwenye hita na nyuma ya injini, maana ndivyo vinavyosahaulika miaka 20. Rejeta yenye matangi ya plastiki ikishageuka rangi ya kahawia na kuanza kuwa na nyufa ndogo kwenye maungio imekaribia. Pampu ya maji huonya kidogo: doa la kulanti (maji maalumu ya rejeta) iliyokauka chini ya kitundu chake, au mlio wa beringi.

Thamostati nataka niitetee. Desturi ya kuitoa na kuitupa kwa sababu "nchi yetu ni ya joto" inaharibu injini. Toyota nyingi za petroli zina thamostati inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo, injini inakwenda safari nzima ikiwa na baridi, petroli inamwagwa nyingi kuliko inavyohitajika, inashuka kwenye oili, na silinda zinalika. Na kama gari lilikuwa likichemka, kuitoa kunaficha ugonjwa mpaka siku ya mlima mrefu na mzigo. Kama yako ilitolewa, irudishe mpya.

Tumia kulanti. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi inakula alumini ya hedi na mapanga ya pampu. Kama mfumo umekuwa ukijazwa maji ya bomba miaka yote, uoshe, weka kulanti, kisha uangalie kwa wiki kadhaa, kwa sababu mara nyingine kutu ndiyo iliyokuwa imeziba matundu.

*Cheni ya taimingi.* Inaonya. Washa injini asubuhi boneti ikiwa wazi. Mlio wa kukatakata wa sekunde chache kisha kimya unaonyesha tensheni inachelewa kupata presha ya oili, na ukizidi kurefuka cheni imevutika. Msimbo P0016 kwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari, unaosema krenki na kamshafti havikubaliani, ni onyo jingine. Bila mlio na bila msimbo, acha cheni hata ikifika kilomita 300,000. Kinachoimaliza ni oili iliyochelewa. Ikionya, fanya kama kwa belti: cheni, tensheni na gaidi zake (vipande vinavyoiongoza cheni) pamoja.

*Sili ya nyuma ya krenki.* Usishushe gia boksi kwa ajili yake kama haivuji. Lakini klachi ikiisha na gia boksi ikashushwa, badilisha sili hiyo siku hiyohiyo, kavu au si kavu.

*Nozeli na pampu ya dizeli.* Zinaonya kwa moshi mweusi, kugonga, kuwaka kwa shida. Hata hivyo kwa injini za komon reli (paipu moja ya dizeli yenye presha kubwa inayolisha nozeli zote) kama 1KD na 2KD, nozeli inayomwaga ovyo inaweza kutoboa pistoni, kwa hiyo usingoje gari lishindwe kutembea. Zipimwe kwenye benchi ukifika karibu kilomita 150,000 au ukisikia mgongano mpya, na uzibadilishe kwa matokeo ya kipimo. Filta ya dizeli, hiyo ibadilishe bila kuhesabu senti.

*Turbo.* Angalia oili kwenye paipu zake na uchezee shafti kwa kidole injini ikiwa imezimwa. Mchezo mdogo wa pembeni ni kawaida. Panga likigusa nyumba yake, imekwisha.

*Gasketi ya hedi, ringi, beringi za krenki.* Hapana. Usifungue injini yenye kompresheni nzuri kwa sababu ya kilomita. Kazi ya kiwandani ya kuzikaza na kuzipima haitarudiwa chini ya mwembe.

*Alteneta, stata, koili, sensa.* Zinaonya, au zikifa zinakusimamisha bila kuua. Beba koili moja ya akiba ukisafiri mbali. Feni belti ni tofauti kidogo: ni rahisi, na kwenye injini nyingi ndiyo inayozungusha pampu ya maji. Ikionyesha nyufa, ibadilishe.

Jambo moja la kuepuka kabisa kwenye injini ya kilomita nyingi ambayo historia yake ya oili ni mbaya ni dawa kali za kuosha injini kwa ndani. Zinabandua matope yote kwa mpigo, yanakwenda kuziba chujio la pampu ya oili, na presha inapotea. Badilisha oili na filta mara tatu mfululizo kwa vipindi vifupi, matope yatatoka taratibu.

Hatua ya tano: piga hesabu

Chukua gharama ya kubadilisha sasa, ugawe kwa gharama ya kuharibikiwa. Jibu ni kiwango cha hatari ambacho juu yake kubadilisha kunalipa.

Tuseme seti ya belti ya 1KZ-TE pamoja na ufundi ni shilingi 500,000, na belti ikikatika utalipa 5,000,000 ukijumlisha hedi, vali, brekidauni na siku za kazi zilizopotea. Weka bei za mji wako, mimi natumia namba nyepesi kugawanya. 500,000 kwa 5,000,000 ni asilimia 10. Swali ni: je, belti hii isiyojulikana umri ina zaidi ya nafasi 1 katika 10 ya kukatika kabla sijaifikia tena? Kwa belti isiyo na historia jibu ni ndiyo bila kusita. Sasa alteneta: tuseme kubadilisha ni 250,000, ikifa njiani utatumia 350,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 71. Labda uwe tayari unasikia beringi zake zikilia, iache.

Ukija kwenye 3S-FE, gharama ya kuharibikiwa inashuka sana kwa sababu injini haifi, na uamuzi unategemea unakotembelea. Gari la kuzunguka Arusha mjini linaweza kuvutwa hadi gereji kwa pesa kidogo. Lakini kama ni gari la kupeleka familia Kigoma au la watalii ndani ya Serengeti, kusimama tu ni gharama, tena kuna usalama wa watu usiku. Kwa gari la namna hiyo hata pampu ya petroli ya kilomita 250,000, isiyoua chochote, inastahili kubadilishwa.

Ongeza na hesabu ya ufundi unaoingiliana. Kama pampu ya maji ni 120,000 na ufundi wa kufungua taimingi ni 150,000, kubadilisha pampu leo wakati belti iko nje kunakugharimu 120,000. Kuingoja ivuje mwakani kutakugharimu 270,000, na pengine belti mpya itakayokuwa imelowa.

Hatua ya sita: spea

Uamuzi mzuri unaharibiwa na spea mbaya. Kwa vifaa vinavyoua injini, nunua ya kampuni ya gari au ya mtengenezaji anayejulikana: Aisin kwa pampu za maji na tensheni, Koyo, NSK au NTN kwa beringi na puli, Mitsuboshi au Gates kwa belti, Denso kwa plagi na vifaa vya umeme. Majina haya ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa hiyo boksi si ushahidi. Iwe Gerezani Dar, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, nenda na kifaa cha zamani mkononi, linganisha uzito, maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, na mzunguko wa beringi. Dai risiti yenye namba ya spea. Kama duka haliwezi kukuandikia, nenda la jirani.

Mtumba unafaa kwa alteneta, stata, manifoldi, hata silinda hedi iliyopimwa. Usinunue mtumba wa belti, tensheni, puli, sili, hosi, thamostati wala pampu ya maji. Na kama huwezi kupata tensheni nzuri mpya lakini ya zamani ni ya kiwandani, haina mchezo na inazunguka kimya, ni afadhali uiache mpaka nzuri ipatikane kuliko kufunga bandia.

Hatua ya saba: fanya kwa mpangilio

Usifungue kila kitu kwa siku moja. Anza na mfumo wa maji na taimingi kwa pamoja, kwa kuwa maji lazima yamwagwe. Kaa nalo wiki mbili. Likitulia, nenda kwenye klachi na sili ya nyuma kama zimefika. Ukibadilisha vitu sita kwa mkupuo na gari likaanza kutetemeka, fundi atahangaika kujua ni kipi.

Kaa pale kazi inapofanyika wakati wa mambo matatu: kulinganisha alama za taimingi, ambapo mwombe fundi azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuzilinganisha tena kabla ya kufunga kava, kukaza boliti kwa spana ya kipimo, na kutoa hewa kwenye mfumo wa maji, hita ikiwa imewashwa mpaka upepo wa moto utoke. Hewa iliyobaki kwenye hedi inaweza kuichemsha injini siku ya kwanza hata kama pampu, rejeta na thamostati ni mpya.

Kwa kilomita 1,000 za mwanzo angalia maji na oili kila asubuhi injini ikiwa baridi, na usipange safari ndefu. Maji yakipungua kidogo siku mbili za mwanzo ni hewa inayotoka; yakiendelea kupungua siku ya nne, rudi gereji na stakabadhi zako. Zikiisha kilomita hizo bila tone wala mlio mgeni, mwaga oili, funga filta mpya, na uandike kwenye daftari tarehe, kilomita na namba ya kila spea iliyoingia.